Barua ya siku 60 usiifiche kabatini

Mimi ni wakili hapa Mtwara na kesi za nyumba zilizowekwa bondi benki ndo zinanijia sana, hasa katikati ya mwaka pesa ya korosho ikishakata na minada ya msimu mpya bado. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanakuja na tangazo la dalali mkononi, wakati barua ambayo ingewasaidia walishaipata zamani wakaifungia kabatini, mke mwenyewe hajui.

Barua yenyewe ni notisi ya kushindwa kulipa. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 127 inasema benki lazima ikuandikie unadaiwa nini, na siku 60 zikipita tangu uipokee ndo deni zima linadaiwa kwa mkupuo na haki ya kuuza inaamka. Na wanauza bila kwenda mahakamani jamani, hapo ndo watu wanapotea, mtu anasubiri wito wa hakimu, wito hauji, anakuja dalali na spika juu ya gari.

Kwahiyo ndani ya hizo siku nenda ukaonane na afisa mikopo, peleka barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, omba ratiba ibadilishwe. Mkulima wa Tandahimba au Newala pesa yake inaingia kuanzia kama mwezi wa kumi, alafu kasainishwa marejesho ya kila mwezi, mkataba wa hivo mi naona umeshaanza kuumwa siku ya kusaini. Mkumbuke msimu wa 2018, serikali ikasema inanunua kilo kwa shilingi 3,300, malipo yakachelewa kwa wengi, na riba haijui habari za ghalani.

Mnada nao una masharti. Tangazo litoke siku 14 kabla, mji mkuu wa wilaya na pale pale panapouzwa, na liwe kwa Kiswahili pia. Bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, kifungu cha 133 kinachukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Ila msijipe moyo sana hapo, aliyenunua kwa nia njema sheria inamlinda, wewe unabaki kudai fidia kwa aliyeuza, nyumba imeshaenda. Ndo maana zuio la mahakama la kusimamisha mnada linaombwa mapema na siyo siku ya mnada saa nne asubuhi.

Akina mama, nyumba ya familia haiwekwi bondi bila ridhaa ya mwenza, kifungu cha 114. Kama hukusaini, au sahihi iliyopo siyo yako, hiyo ni hoja nzito, sema mapema.

Sasa kuna hili la kufilisika, vijana wananiuliza kila mara kwa sababu wameona video za Marekani, kule ukifungua shauri la kufilisika mnada unasimama hapo hapo. Huku siyo hivo. Tuna Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, maombi yanaenda Mahakama Kuu na mali inashikwa na mfilisi wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, lakini mdai mwenye dhamana, yaani benki iliyoshika nyumba yako, anakaa pembeni ya foleni, haki yake ya kuuza nyumba iko pale pale. Inayotulizwa ni mikopo isiyo na dhamana, ya kausha damu, ya kwenye simu, ya duka la pembejeo. Mtu mwenye deni moja tu la benki juu ya nyumba, kufilisika kunamwongezea vikwazo na nyumba inauzwa vilevile.

Na nyumba ikishauzwa dai hesabu kwa maandishi: imeuzwa bei gani, gharama za dalali ngapi, deni lilikua ngapi. Ikizidi, chenji ni yako na wapo wasioifuata kabisa. Ikipungua, bado unadaiwa iliyobaki.