Je, wajua kwa nini mhunzi wa Nepal anamwagia kisu maji ya birika badala ya kukitumbukiza?

Khukuri ni kile kisu kizito cha Nepal kilichopinda kuelekea mbele, ambacho wanajeshi wa Gurkha wamekifanya kijulikane dunia nzima. Kwenye utengenezaji wake kuna hatua moja inapita haraka na wengi hawaitilii maanani. Kisu kimeshafuliwa, umbo limekaa, kimerudishwa kwenye moto mpaka kikawa chekundu, halafu fundi anachukua birika, birika la kawaida tu lenye mdomo mwembamba, anamimina maji kwenye makali peke yake. Mgongo wa kisu hauguswi. Maji yanachemka palepale, mvuke unapanda, yeye anapeleka ule mdomo wa birika mbele na nyuma, anaacha, anakodolea macho chuma, anamimina tena.

Kwa nini asikizamishe chote kwenye ndoo akamaliza kazi kwa sekunde mbili?

Ili jibu likae sawa inabidi kwanza tuondoe imani moja iliyozagaa sana, kwamba kisu bora ni kile kigumu kote, na kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyokuwa imara. Wauzaji wanaijua hiyo imani vizuri, ndo maana namba ya ugumu wanaiweka juu kabisa kwenye maelezo ya bidhaa. Lakini ugumu ni uwezo wa chuma kukataa kukwaruzwa na kubonyea, basi. Uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika ni kitu kingine kabisa, na mara nyingi hivi viwili vinavutana, ukiongeza kimoja kingine kinapungua. Chukua tupa ya kunolea panga. Ni ngumu kuliko panga lenyewe, ndo maana inalila, ila idondoshe kwenye sakafu ya zege inaweza kukatika vipande viwili wakati panga likianguka linalia tu na kutulia. Kwahiyo mtu anayetaka panga lote liwe gumu kama tupa anaomba panga litakalovunjika siku litakapokutana na fundo la mti. Na upande wa pili chuma kikiwa laini mno hakivunjiki, ila makali yanajikunja na kisu kinakuwa butu kabla mzigo wa kuni haujaisha. Kisu cha kufyekea na kukatia kuni kinadai vyote viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndo birika linaingia.

Khukuri nyingi zinafuliwa kutoka kwenye springi za magari chakavu, hasa malori, na chuma cha namna hiyo kina kaboni kama asilimia 0.6 hivi. Ni kidogo ila ndo kila kitu. Fikiria daladala. Chuma kikiwa baridi, atomi zake zimejipanga kwa namna ambayo nafasi ya kaboni karibu haipo, yaani viti vimebanana na abiria wote wako nje kituoni. Kipashe moto kupita nyuzi 800 hivi, viti vinajipanga upya, nafasi zinafunguka, abiria wanapanda. Sasa ukiacha kipoe polepole, viti vinarudi taratibu kwenye mpangilio wa zamani na abiria wanapata muda wa kushuka, chuma kinabaki laini. Ila ukikipoza ghafla, viti vinarudi na abiria bado wamo ndani, wamebanwa, hakuna wa kusogeza hata kiwiko. Chuma huwa kinapinda kwa sababu matabaka ya atomi yanateleza moja juu ya jingine, kwahiyo kama hakuna kinachoweza kusogea basi hakipindi, huo ndo ugumu wenyewe. Shida ni kwamba pigo kubwa likija halina pa kumalizikia, linafungua ufa.

Fundi wa khukuri anafanya jambo la akili sana. Makali anayapoza ghafla kwa maji ya birika, abiria wanabanwa humo. Mgongo, ambao mara nyingi una unene wa milimita 8 mpaka 10, unapoa wenyewe kwa hewa, unabaki laini na mvumilivu. Halafu kuna sehemu ambayo mimi naipenda kuliko zote, ule mgongo bado una moto mwingi, na akiacha kumimina huo moto unatambaa kurudi kwenye makali, unawaruhusu abiria wachache kushuka, kiasi tu cha kupunguza ule mbano uliopitiliza. Fundi anaufuatilia kwa rangi. Pale chuma kilipong'aa inaanza kutokea njano ya majani makavu, baadaye kahawia, baadaye zambarau na bluu, na kila rangi maana yake joto limepanda na ugumu umeshuka kidogo. Akiridhika anamwaga maji tena kuuzuia. Hana kipimajoto, ana macho na uzoefu.

Na kuzamisha chote kwenye maji kungeleta balaa jingine, maana chuma cha springi kimetengenezwa kipozwe kwa mafuta, maji yanakipoza kwa kasi kubwa mno na kisu kinene kinaweza kupasuka humohumo ndani ya ndoo.

Unaweza kuyathibitisha haya kwa mkono wako. Chukua tupa, ipitishe kidogo kwenye lile tumbo la makali ambalo ndo linapiga kuni, inateleza kama inapita kwenye kioo. Ipeleke mgongoni, inang'ata na kutoa unga. Karibu na mpini nako inang'ata. Kisu ni kimoja, chuma ni kilekile, tofauti imeletwa na maji. (Usitegemee hayo kwenye khukuri za kupamba ukuta wanazouziwa watalii kule Thamel, Kathmandu, nyingi hazijapitia birika lolote.)

Wapenzi wa visu vya kuagiza kwa fundi kule Marekani wanaijua hii kanuni kwa njia yao. Chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa 1976, Bill Moran akiwa mmoja wa waasisi, kina mtihani ambao mhunzi lazima apite kwa kisu alichokifua mwenyewe. Anakata kwa pigo moja kamba inayoning'inia yenye unene wa sentimita 2.5, anakata ubao wa mbili kwa nne mara mbili, kisu kikitoka hapo lazima bado kinyoe nywele za mkono, halafu kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa mpaka nyuzi 90. Makali yakipata ufa kidogo wanavumilia, kukatika hapana. Kisu kigumu kote kama tupa hakifiki mwisho wa mtihani huo, ndo maana wengi wanapoza makali tu.

Hii haimaanishi kisu kigumu kote ni kibaya. Bob Loveless, fundi visu wa Marekani, alitengeneza visu vya wawindaji vinavyosifiwa mpaka leo kwa chuma kisichoshika kutu haraka, kigumu mwili mzima, na vinafanya kazi safi kwa sababu ni vifupi na kazi yake ni kuchuna mnyama, havipigwi kwenye gogo. Kazi ndo inaamua.

Kuna lile dai kwamba khukuri ikishachomolewa kwenye ala lazima ionje damu. Si kweli. Kule Nepal khukuri ni chombo cha nyumbani, inapasua kuni, inachanja mianzi, inakata nyama, wakati wa sikukuu ya Dashain inachinja mbuzi, na siku nyingi inarudi kwenye ala bila kumgusa mtu. Sifa ya vita imekuja na Wagurkha, ambao Waingereza walianza kuwaandikisha 1815 wakati wa vita vyao na Nepal, na ambao Novemba 1914 walipigana mpaka ndani ya mji wa Tanga wakiwa na kikosi cha Kashmir Rifles.

Ile pengo ndogo karibu na mpini nayo ina hadithi nyingi, wengine wanasema inazuia damu isifike mkononi, wengine ni alama ya dini. Kiufundi ninachokiona ni kwamba pengo kwenye chuma kigumu ni mahali pa ufa kuanzia, na hapa limewekwa kwenye sehemu laini, kwahiyo halina madhara.

Kama unayo khukuri, usiipeleke kwenye grinda ya umeme. Makali yakipata moto mpaka yakawa bluu, ugumu ulioletwa na birika unapungua pale na haurudi mpaka kisu kipikwe upya. Jiwe na maji vinatosha, na yakijikunja kidogo tumia chakmak, kile kijichuma kisicho na makali kinachokaa kwenye ala, kinayanyoosha bila kula chuma.