Rijoni ya DVD ni kitu gani, na kwa nini deki ya bei poa ndo rahisi kuifungua

Rijoni ni namba tu. Iko kwenye diski na iko kwenye deki, zikifanana muvi inacheza, zisipofanana unaletewa maandishi kwenye skrini kwamba diski si ya eneo hili, basi imeishia hapo. Diski haina mkwaruzo wala nini ila mtu anaanza kuifuta na kanga, anapuliza, anarudisha, mwisho anasema lensi imekufa. Wengine utawasikia "aah hii ni ya Kijapani ndo maana haisomi". Lugha haihusiki kabisa. DVD moja inaweza kubeba sauti za lugha mpaka 8 na maandishi ya chini mpaka 32, na deki haijali we unasikiliza Kikorea au Kireno, yenyewe inaangalia namba.

Dunia waliigawa hivi: 1 ni Marekani na Kanada. 2 ni Ulaya sehemu kubwa, Japani, Misri, Afrika Kusini na nchi za Ghuba, yaani ndugu zetu wa Oman wamewekwa kapu moja na watu wa London. 3 ni Korea Kusini, Hong Kong na Asia ya kusini mashariki. 4 ni Australia na Amerika ya Kusini. 5 ndo sisi, Afrika karibu yote, pamoja na India na Urusi. 6 China peke yake. 7 iliwekwa akiba, na 8 ni ya kwenye ndege na meli za abiria. Ukigeuza kava la diski orijino utaona kapicha kadogo ka dunia kenye namba ndani, hiyo ndo yenyewe. Ukikuta ALL au 0 inacheza popote.

Sasa kwa nini waliweka, hapa ndo watu wengi wanadhani ni mambo ya ufundi kumbe ni biashara. DVD imeanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani 1997, na enzi hizo muvi ikitoka Marekani ilichukua miezi kufika kwenye sinema za Ulaya, kwa hiyo kampuni za filamu zikaogopa kwamba diski za Marekani zitafika kule kabla sinema hazijaonyesha na nani tena atakata tiketi. Halafu bei zinatofautiana nchi na nchi, na haki za kuuza filamu ileile anakuwa nazo mtu huyu hapa na mwingine kule. Ndo wakaweka ukuta. Na ukuta wenyewe haubagui, mwaka 2009 Obama alimpa waziri mkuu wa Uingereza, Gordon Brown, zawadi ya DVD 25 za filamu za Kimarekani, magazeti ya kule yakaandika kwamba jamaa alipotaka kuangalia zikagoma, rijoni 1 hizo.

Huku kwetu wengi tumekua bila kulijua hili kwa sababu rahisi sana. VCD haina rijoni kabisa, na zile diski za mtaani za muvi ishirini ndani ya moja anayezichoma hawezi kujisumbua kuweka kufuli. Unakutana nalo siku ukiletewa orijino kutoka nje.

Haya, deki. Viwanda vingi vinavyotengeneza deki za bei nafuu vinatoa bodi moja kwa dunia nzima, rijoni inakuja kuwekwa mwishoni kwenye menyu iliyofichwa ambayo kwenye kitabu cha maelekezo haiandikwi. Ndo maana deki ya bei ya kutupa inafunguka, yaani inakubali diski za rijoni zote, kwa rimoti tu wakati ya gharama ya kampuni kubwa inakusumbua, hasa kama kampuni yenyewe ina biashara ya filamu, mfano Sony ambao studio ya Columbia ni yao tangu 1989, hao wakulegezee kwa faida gani?

Kinachofanyika kwa kawaida ni kutoa diski, unafungua trei au unaiacha tupu, unabonyeza SETUP, unapiga namba za siri, inatokea namba ya rijoni, unaibadilisha kwa mishale unaweka 0. Mfano Philips DVP642, deki ya bei rahisi iliyokuwa maarufu sana Marekani, unaingia SETUP mpaka ukurasa wa Preferences unapiga 138931. Lakini usichukue hiyo ukaipiga kwenye deki yoyote, kila modeli ina yake. Geuza deki nyuma au chini usome namba ya modeli yote mpaka herufi ya mwisho, ndo utafute. Zipo zinazodai ubadilishe programu yake ya ndani kwa kuchoma CD, hiyo mimi siipendi, umeme ukikatika katikati deki inabaki pambo.

Kuna kaujanja walikaongeza baadaye, diski nyingine za rijoni 1 zinaichunguza deki kama ni ya 0 na zikigundua zinagoma. Hapo usiweke 0, weka 1 yenyewe, ukimaliza rudisha.

Na kuna kitu cha pili ambacho watu wanakichanganya na rijoni, mfumo wa picha. Huku tunatumia PAL, mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, Marekani na Japani NTSC, mistari 480 na picha kama 30. Rijoni na mfumo wa picha ni vitu viwili tofauti, Japani na Ulaya wote ni rijoni 2 ila Japani ni NTSC. Kwa hiyo unaweza kufungua rijoni vizuri kabisa, sauti ikaja, halafu kwenye TV ya chogo picha ikawa nyeusi na nyeupe au inapanda inashuka. Ingia kwenye setapu ya deki, sehemu ya aina ya TV, weka Auto au Multi au mwambie deki itoe PAL. Flatskrini nyingi zinapokea zote mbili.

Kwenye kompyuta kuwa makini zaidi. Draivu za kuanzia mwaka 2000 zinakuruhusu kubadili rijoni mara 5 tu, ya tano ndo inabaki milele, hata upige windo upya. Ukiulizwa ubadilishe usibonyeze haraka haraka, jaribu kwanza VLC, programu ya kuchezea video, mara nyingi inacheza bila kuuliza rijoni.

Blu-ray nayo ina ugawaji wake, A, B na C, sisi tuko B pamoja na Ulaya, na kuifungua deki upande wa DVD hakufungui upande wa Blu-ray. Zile za 4K hazina rijoni.