Kolaji ni nini, na kwa nini mchoraji mhamiaji huipenda

Nilipomwambia mjomba wangu wa Mambrui, karibu na Malindi katika pwani ya Kenya, kwamba naandika juu ya kolaji, alifurahi kweli. "Hapo umefanya la maana, mwanangu. Koleji ya hapa Malindi au ya Mombasa?"

La, mjomba. Koleji ni chuo. Kolaji ni picha inayotengenezwa kwa kubandika vipande vya vitu kwenye karatasi, ubao au turubai: gazeti, kitambaa, jani, kamba, chochote kinachokubali gundi. Neno lenyewe lina asili ya Kifaransa, kitenzi coller, yaani kubandika kwa gundi.

Watu wamebandika vitu tangu zamani, lakini wanaosimulia historia ya sanaa ya kisasa huanzia mwaka 1912. Mwaka huo Pablo Picasso, Mhispania aliyehamia Paris, alichukua kipande cha kitambaa cha meza, kile kisichopenya maji, kilichochapwa mfano wa kiti cha kusuka. Alikibandika kwenye picha, akapaka rangi pembeni na juu yake, kisha akaizungushia picha nzima kamba ya kweli badala ya fremu. Mwaka huohuo rafiki yake Georges Braque naye akaanza kubandika karatasi za kupambia kuta. Kabla ya hapo, mchoraji aliyetaka kamba ndani ya picha aliichora. Sasa kamba ilikuja yenyewe, na uzi wake, na unene wake.

Mjomba aliposikia haya alisema, "Kumbe ni kama kaburi letu." Anasema lile kaburi la nguzo la Mambrui, lililopambwa kwa bakuli za kaure za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Hakukosea sana. Wataalamu watasema ile si kolaji, ni mapambo ya jengo, na kupachika si kubandika. Lakini jambo lenyewe limo: bakuli haikusagwa wala kupakwa rangi ifanane na ukuta. Imebaki bakuli ya China, na kila apitaye anajua imevuka bahari. Linganisha na mkeka. Mkeka nao ni vipande, ukili umeshonwa kwa ukili, ila hakuna anayetazama mkeka akauliza ukili huu ulitoka nchi gani. Wote ni miyaa. Katika kolaji swali hilo halikwepeki: hiki kilikuwa nini kabla hakijafika hapa?

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, wachoraji waliohama kwao huielewa kazi hii upesi. Mfano ninaoupenda ni Njideka Akunyili Crosby, aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1983, akaenda Marekani mwaka 1999 na sasa anaishi Los Angeles. Mwaka 2015 alitengeneza picha aliyoiita Cassava Garden, bustani ya muhogo. Ukiitazama kwa mbali ni majani tu, yaleyale ambayo mtu wa pwani akiyaona anawaza kisamvu cha nazi. Ukisogea unakuta ndani ya majani mmejaa sura za watu, picha kutoka majarida ya Nigeria. Humo pia mna kitambaa cha kumbukumbu, cha ukoo mmoja na zile kanga na vitenge vyenye sura ya kiongozi tunavyogawiwa wakati wa kampeni. Zile picha za majarida Akunyili Crosby hazibandiki kwa gundi: hutumia kiyeyushi kuhamisha wino wake hadi kwenye karatasi yake, hata ukipapasa husikii ukingo. Wabishi watasema basi si kolaji kamili. Mimi naona ni kolaji iliyoficha mishono.

Kazi za namna hii huonekana sana katika maonyesho ya kikanda, yaani yale yanayokusanya wasanii wa eneo moja. Mara nyingi kipimo huwa unaishi na kufanya kazi wapi, si ulizaliwa wapi. Kwa kipimo hicho mchoraji wa Kitaliano aliyezeekea Malindi angehesabiwa wa Malindi. Kuna watakaonuna, najua.

Sasa kuhusu kolaji za vitu vya asili, kama majani na mwani. Kuna wanaokata karatasi kwa umbo la kitu cha asili, kama Henri Matisse, ambaye uzeeni, mwili ulipodhoofika, alishika mkasi akakata mwani na ndege kutoka karatasi zilizopakwa rangi. Na kuna wanaobandika kitu chenyewe. Hapa ndipo pwani yetu inapowapa watu kazi. Jani likibandikwa bichi hujikunja na kuota kuvu, kwa hiyo hukaushwa kwanza katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, siku nyingi, na magazeti hubadilishwa. Mwani lazima usuuzwe kwa maji baridi ya bomba, kwa sababu chumvi ikibaki huvuta unyevu na picha haikauki hata kaskazi ivume. Uzuri wake ni kwamba mwani wa aina fulani una utelezi unaoushikisha kwenye karatasi wenyewe, bila gundi. Gundi nyeupe ya maseremala inatosha kwa mengine, maana ikikauka haionekani. Makombe usiyaokote ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Ni hifadhi tangu 1968 na kuchukua kitu humo ni kosa, hata ukisema ni kwa ajili ya sanaa.

Mjomba aliuliza swali ambalo wengi huona haya kuuliza: na jani likioza ukutani? Wengine hulifunika kwa vanishi. Wengine huliacha libadilike, kijani kiwe kahawia mbele ya macho ya watazamaji, na mnunuzi huambiwa mapema.

Ukienda kwenye maonyesho, soma kibandiko kidogo kando ya picha. Kikisema "rangi ya mafuta kwenye turubai", hapo kila kitu kimechorwa. Kikitaja akriliki, karatasi, kitambaa, mwani, sogea karibu ukavitafute kimoja kimoja. Mikono iweke nyuma.