Si kila maumivu ya chembe ni alsa

Wengi wanaofika kwangu na kongosho (tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula) lililovimba kwa muda mrefu wameshameza dawa za alsa miaka. Siwalaumu. Maumivu yako palepale, chini ya chembe cha moyo, na huzidi baada ya kula. Ila haya hupenya hadi mgongoni, na mgonjwa hupata nafuu akiinama mbele. Kisha mimi huuliza swali ambalo watu hulionea haya: choo chako kikoje? Kikiwa cheupecheupe, kina mafuta, kinaelea na kukataa kwenda hata ukimwaga ndoo mbili, basi mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa.

Kongosho humwaga utumboni vimeng'enya, yaani maji ya kusaga chakula, na hutoa insulini, homoni ya kushusha sukari. Likivimba tena na tena hufanya makovu, na kovu halirudi kuwa nyama nzima. Damu ikipimwa huweza kutoka sawa kabisa. Siti skani, ile picha ya ndani ya mwili, ndiyo huonyesha makovu na vijiwe. Pombe ndiyo chanzo kikubwa (na mnazi ni pombe, usiniambie habari za asili), na sigara nayo huliharibu. Lakini wapo waliorithi, na wapo ambao sababu haionekani. Kwa hivyo msimtazame kila mgonjwa kwa jicho la mlevi.

Anayekunywa na anayevuta, aache. Hapo sina mjadala. Biriani sikukatazi, punguza sahani tu, ule kidogokidogo mara nyingi. Vimeng'enya vilivyopungua twavirudisha kwa kapsuli. Humezwa na tonge la kwanza na nyingine katikati ya mlo; ukizimeza saa nzima baadaye umezitupa. Mlo mkubwa huhitaji uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi (kimeng'enya cha kusaga mafuta), na nusu yake kwa chai na mahamri.

Sasa lile zito: kapsuli hizi hutokana na kongosho la nguruwe. Katika mji huu siwezi kumwandikia Mwislamu nikanyamaza. Akija kuambiwa na mtu wa duka la dawa, ataziacha kimyakimya na kurudi amekonda. Wanazuoni wengi huziruhusu kwa dharura pasipo na mbadala, lakini fatwa si kazi yangu. Humwandikia barua ya kueleza ugonjwa, aende nayo kwa sheikh anayemwamini.

Kongosho likichakaa, kisukari huweza kufuata, nacho kina hila: sukari hushuka ghafla, kwa kuwa homoni ya kuipandisha nayo imepungua. Ukidunga insulini, uje tuzungumze kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.