Kuripoti mzee anayenyanyaswa: tunachoogopa na sheria inavyosema

Wapo watu wanaona kabisa mzee ana michubuko isiyoeleweka au hela zake zinayeyuka, na wananyamaza, sio kwamba hawana huruma, wanaogopa kesi. Natumia sheria za Marekani hapa maana kwenye hili zimeandikwa wazi.

"Kama huna ushahidi, usiripoti, utashtakiwa." Hii ndio imewaumiza wazee wengi. Sheria haikudai ushahidi, inataka uwe na sababu ya kushuku na nia njema, basi. Kuchunguza ni kazi ya maafisa wa ustawi na polisi, na wakikuta mambo sivyo bado karibu kila jimbo linakukinga, anayekosa kinga ni yule aliyetunga uongo makusudi. Na tafadhali usijigeuze mpelelezi ukaanza kumkabili mtuhumiwa, mzee ndio atakayelipia akibaki nae peke yake.

"Nitafukuzwa kazi." Wafanyakazi wa makao ya wazee husema hivi sana na nawaelewa, kodi na watoto vinasubiri mshahara. Ila sheria ya shirikisho ya 2010, kwa makao ya muda mrefu yanayopokea angalau dola 10,000 za serikali kuu kwa mwaka, inamkataza mwajiri kukufukuza, kukushusha cheo, kukusimamisha, kukutishia, hata kukupeleka bodi ya leseni kulipiza kisasi, na akifanya hivyo faini iliwekwa hadi dola 200,000. Tena tangazo la haki hizi lazima libandikwe ukutani. Kumbe anayenyamaza ndio yuko pabaya, maana ukishuku uhalifu wenye jeraha kubwa una masaa 2 kuripoti polisi na kwenye mamlaka ya jimbo, bila jeraha kubwa masaa 24, na usiporipoti faini inakufuata wewe mwenyewe. Kumnong'oneza bosi tu hakutoshi jamani. Mwajiri mbaya anaweza kujaribu tu hata kama sheria inamkataza, kwahiyo andika tarehe, uliongea na nani, utunze nakala nje ya ofisi.

"Benki na hospitali wamefungwa mdomo na usiri." Hapana. Tangu 2018 msimamizi au afisa wa sheria wa benki aliyepata mafunzo akiripoti kwa nia njema na uangalifu hawajibishwi kwa kutoa hizo taarifa, na sheria ya faragha ya wagonjwa inaruhusu kuripoti unyanyasaji.

"Jina langu litajulikana." Kwa kawaida linafichwa, sehemu nyingi hata usipolitaja wanapokea, ingawa mahakama inaweza kuliagiza kama kesi inalihitaji.

"Mzee mwenyewe kakataa, kwahiyo nimefungwa." Watu wanachanganya mambo mawili hapa, kuripoti na kumlazimisha msaada. Mzee mwenye akili timamu anaweza kumwambia afisa hataki huduma na hiyo ni haki yake, lakini kukataa kwake hakukuondolei kinga wewe uliyeripoti, na kama kazi yako inakulazimu kuripoti, bado inakulazimu.