Namba 41 kwenye shokapu ya mbele si urefu

Ukiagiza shokapu za mbele za pikipiki ya kruza (ile ndefu yenye kiti cha chini) utaulizwa: 39 au 41? Wengi hudhani huo ni urefu. Ni unene wa bomba la krome kwa milimita, nao hupimwa kwa venia kalipa (kipimo chenye taya mbili za kubana), si kwa futi kamba. Sportster za Harley-Davidson, kwa mfano, zilipewa 39 mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukikosea milimita 2 tu, kibano cha usukani, kinachoshika bomba kwa juu, hakikubali.

Pima bomba lenyewe, chini kidogo ya kibano. Ukipima mguu wa alumini, ule wa chini ambamo bomba huingia, umeshapotea, kwa sababu ni mnene zaidi. Kwa pikipiki inayolala karibu na bahari, kama nyingi za hapa Tanga, pitisha ukucha kwanza kwenye krome. Chumvi huitoboa vishimo vyenye kingo kali, na kingo hizo huchana sili mpya (mpira unaozuia oili), oili ikavuja tena. Hapo kubadilisha sili peke yake ni kutupa hela.

Urefu hupimwa bomba likiwa limetolewa, ncha hadi ncha, bila kifuniko. Shokapu ndefu kuliko ya kiwandani huinua pua ya pikipiki, na usukani huwa mzito kwenye mwendo mdogo.