Ufunguo wa USB haufungi programu yako

Wiki hii amenipigia kijana mwingine. Ametengeneza programu ya ada za shule, kaagiza kutoka nje funguo kumi za USB, vile vifaa vidogo kama flashi ambavyo programu inavidai ndipo ifanye kazi, na alitaka tu nimthibitishie kwamba sasa haibiwi tena. "Kaka, bila ufunguo haifunguki kabisa. Nimejaribu." Nikamuuliza programu inajuaje kwamba ufunguo upo. Akasema inauliza mara moja inapowashwa: ikiuona inaendelea, isipouona inajifunga. Basi, nikamwambia, hujafunga kitu.

Nimeshachoka kusikia imani hii. Watu wanadhani mwizi atahangaika na ufunguo: auvunje, asome chipu, atafute namba ya siri iliyo ndani. Wauzaji nao wanaipalilia kwa kutangaza AES ya biti 128, njia ya kuficha data kwa hesabu, kana kwamba kuna mtu ana mpango wa kupambana na AES. Mwizi haugusi ufunguo wako. Anaigusa programu, kwa sababu programu umempa mwenyewe.

Tazama kinachotokea. Lile sharti lako la "ufunguo upo au haupo" likifika kwenye prosesa za x86, zile za kompyuta nyingi za Windows, mara nyingi linabaki baiti mbili. Ya kwanza ni 74 au 75, yaani ruka ikiwa sawa au ruka ikiwa si sawa. Ya pili ni umbali wa kuruka. Mwizi anaifungua faili kwa kihariri cha heksadesimali, kinachoonyesha baiti mojamoja, na mahali pa 74 anaweka EB. EB maana yake ruka bila masharti. Au akitaka usiruke kabisa, anaweka 90 mara mbili, amri ya kutofanya kitu. Anahifadhi faili, kazi imekwisha. Ufunguo wa shilingi laki kadhaa umeshindwa na baiti moja, na AES yake iko salama salimini ndani ya chipu kwa sababu hakuna aliyeihitaji.

Huyu kijana ameandika kwa lugha ya C#, kwa hiyo hata heksa hazihitajiki. ILSpy, zana ya kurudisha programu kuwa msimbo, ni ya bure, na ukiifungulia EXE (faili ya programu) ya C# ambayo haikuvurugwa makusudi ili isisomeke, unasoma msimbo karibu kama mwenyewe alivyouandika, majina ya fanksheni yakiwamo. Ya kwake inaitwa AngaliaUfunguo. Mwizi hatatafuta muda mrefu.

"Basi nitauliza mara nyingi, sehemu ishirini tofauti." Sawa, utamchosha kidogo. Lakini maswali yote ishirini yanapita mlango mmoja, ile DLL ya mtengenezaji wa ufunguo, faili ya msaada ambayo programu inaitumia kuongea nao. Anaandika DLL ya bandia yenye jina lilelile, inayojibu "upo" kila ikiulizwa, anaiweka kwenye folda ya programu. Maswali ishirini yamejibiwa kwa mpigo.

Hata funguo za zamani zilizokuwa zinajibu kwa hesabu hazikupona. Aina moja iliyosambaa sana ilipokea namba ya biti 16 na kurudisha namba nne za biti 16 kila moja. Biti 16 ni maswali 65,536 tu. Ukiazima ufunguo halali kwa muda, unauuliza yote na kuyaandika. Jedwali zima ni KB 512, dogo kuliko picha ya simu. Baada ya hapo unaurudisha kwa mwenyewe na kumshukuru.

Kinachosaidia ni kuupa ufunguo kazi. Usiuulize kama upo. Upe data iliyofichwa, ambayo programu haiwezi kuendelea mpaka ufunguo uifungue, au weka ndani yake sehemu ya hesabu, kama ufunguo wenyewe unaruhusu. Hapo mwizi akiondoa swali anaondoa na jibu, na jibu ndilo linalotakiwa. Hii ndiyo kazi halisi ya kinga, na haiji ndani ya boksi. Lazima ukae uijue programu yako: kipi hakifanyiki mara kwa mara (maana ufunguo ni wa polepole), lakini hakuna mtu anayeweza kuishi bila hicho. Ile zana ya kufungasha EXE inayokuja na ufunguo itumie pia, lakini jua kwamba waliokwisha kuifungua kwa mwenzako hawaanzi upya kwako.

Mimi nauza programu ya maduka ya dawa. Ufunguo wangu unashika ufungaji wa stoo wa mwisho wa mwezi. Niliwahi kushauriwa niuweke kwenye onyo la dawa zisizopatana, kwa kuwa ndicho kitu ambacho hakuna wa kukiacha. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Ufunguo ukifa saa tatu usiku, mgonjwa aliye dirishani hajaiba kitu.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana kwa kumkimbiza mwizi tunamkanyaga mteja. Chukua leseni zenye tarehe. Kila mwandishi wa programu anajua kwamba wajanja hurudisha saa ya kompyuta nyuma, kwa hiyo anaandika: saa ikirudi nyuma, funga. Nami niliandika hivyo. Sasa nenda kwenye maduka yetu uone kompyuta zenyewe. Nyingi ni mitumba, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imeshakufa, hakuna UPS. Umeme ukikatika usiku, asubuhi saa inaamka na tarehe ya kiwandani, miaka mingi nyuma. Mama mmoja mwenye duka alinipigia kabla ya saa mbili asubuhi, foleni mbele yake, programu imeandika kwa herufi nyekundu kwamba amejaribu kudanganya leseni. Alikuwa amelipa mwaka mzima. Sikuwa na la kumwambia ila samahani.

Tangu siku ile saa ikirudi nyuma programu yangu inalinganisha na risiti ya mwisho, inamwomba mtu arekebishe tarehe, na mauzo yanaendelea. Kinachosubiri ni ripoti. Zipo funguo zenye saa yao ndani. Ni ghali zaidi, na nazo zina betri.

Kufunga leseni kwa namba ya diski ni balaa lingine. Namba ya volumu inatokana na kufomati, kwa hiyo fundi aliyenakili diski moja kwenye kompyuta thelathini amezipa zote namba ileile. Anayetaka kuibadilisha anatumia VolumeID, zana ya bure ya Sysinternals. Anwani ya MAC, namba ya kifaa cha mtandao, nayo inahama na modemu. Tuyaache hayo.

Kumbuka pia kwamba ufunguo unaingia kwa mteja na draiva yake. Januari 2018 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kasoro 14 kwenye programu ya kusimamia leseni za HASP, aina mojawapo ya funguo hizi. Ilikuwa inafungua bandari 1947, mlango wa kuingilia kutoka kwenye mtandao, katika ukuta wa moto wa Windows, na bandari ilibaki wazi hata ufunguo ukichomolewa. Anayebeba hatari hiyo ni aliyekulipa. Aliyekraki, yaani aliyeivunja kinga, yuko salama kuliko yeye.

Marekani, ambako sheria ya 1998 inakataza kuvunja kinga za kidijiti, mwaka 2003 ililazimika kuweka ruhusa maalumu kwa programu ambazo ufunguo wake umeharibika na hautengenezwi tena. Steinberg nao, baada ya miaka mingi ya kudai ufunguo wa USB kwa Cubase, programu yao ya kutengenezea muziki, waliuacha kwenye toleo la 12 mwaka 2022.

Nina shaka zangu. Leseni yangu ya kawaida leo ni faili iliyotiwa saini ya kidijiti. Ufunguo wa siri wa kusaini uko kwangu, kwa hiyo hakuna wa kutengeneza leseni za bandia, ingawa anaweza bado kuikata programu isiisome saini. Nimeona nakala zangu zilizokatwa hivyo. Maduka mawili yaliyokuwa na nakala hizo yalikuja kununua baadaye, kwa sababu ya bei mpya za dawa na mtu wa kupigiwa simu. Je, nisingeweka kinga yoyote ningepoteza kiasi gani? Kuna usiku nadhani ni kikubwa, kuna siku nadhani muda ule wote ningeutumia kuboresha stoo. Sijaiondoa kinga, lakini sijitambi nayo.

Kijana hawezi kurudisha funguo zake, na sikumwambia azitupe. Nimemwambia kila shule ipewe mbili, wa pili ukae kwenye bahasha kwa mhasibu, maana wa kwanza wataudhani flashi na utaondoka na mwalimu. Jumamosi anakuja na laptopu. Tutaanza na hesabu ya malimbikizo ya ada, tuone kama inaweza kuhamia ndani ya ufunguo bila kumfanya mzazi asubiri risiti.